Kwa Mnaorithi Filimbi Yangu ya Mtoni

Ndewe na Kunda, wadogo zangu, na kuanzia Jumatatu mabosi wa mto,

Nimestaafu. Chekeni mmalize, halafu tuendelee. Mtu akitumikia sehemu moja tangu likizo ya Desemba ya kidato cha kwanza mpaka likizo ya Juni ya kidato cha nne, ana haki ya kukaa kwenye kigoda, akakunja miguu na kuanza sentensi kwa "enzi zetu". Nina miaka kumi na saba. Magoti yangu mazima na meno yote yapo. Kinachonistaafisha ni mtihani wa taifa, ambao mama amesema mpaka uishe asinione hata nikinusa upepo wa mtoni. Kwa hiyo naandika haya nyuma ya daftari la Kemia, kwenye kurasa ambazo zilikuwa hazina kazi.

Habari za kupandishwa vyeo sina. Nilianza kama Manka, namaliza kama Manka. Mshahara nao naupita haraka, kama wenyewe ulivyonipita mimi. Nitasema yale mengine.

Ninyi mmezaliwa hapo, lakini karatasi huwa zinatembea, na hii ikimfikia mtu wa Moshi mjini asije akadhani nazungumzia hifadhi kubwa yenye geti la chuma na askari. Bustani ya Mtoni ni ya kitongoji chetu, huku Machame. Unaacha lami, unashuka katikati ya vihamba, migomba kulia, kahawa kushoto, ng'ombe wa mtu anakuchungulia bandani, mpaka unausikia mto kabla hujauona. Hapo chini maji yanaanguka kutoka kwenye mwamba mfupi, yanatanuka kuwa bwawa, na katikati ya bwawa kuna jiwe bapa kubwa tunaloliita Meza. Watu thelathini wanakaa juu ya Meza bila kusukumana. Kulifikia unakanyaga mawe saba ya kuvukia. Baada ya Meza mto unajibana tena na kuingia kwenye korongo lenye mawe makali, na huko hakuna mtu anayekwenda kwa hiari yake. Kuna nyasi, mabanda mawili, jiko la kuni, choo, na kima wezi. Ni hayo tu. Lakini sijawahi kumwona mtu akifika hapo mara ya kwanza, hata awe mkubwa wa ofisi gani, asivue viatu ndani ya dakika tano.

Mimi nilivua baada ya mbili. Nakumbuka mpaka leo ule ubaridi wa maji ya mlimani ukipanda kutoka kwenye kisigino hadi kwenye jino. Nilipiga kelele ambayo haikuwa na neno ndani yake. Nikajua hapa ndipo nitakapofanya kazi.

Msimamizi alikuwa, na bado ni, shangazi Ndeshi, dada yake baba. Shangazi alibeba mizigo ya wageni mlimani miaka minane, akiwa mmoja wa wanawake wachache kwenye kundi la wanaume, na goti lake la kushoto alilisahau huko juu. Haongei sana. Siku ya kwanza nilimkuta akifagia majani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Unajua kuogelea?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama nimeshika kitu."

Aliegemea fagio akanitazama. "Basi kazi yako ni kuhakikisha na wageni wana kitu cha kushika."

Akanikabidhi kamba, fimbo, na buti za mvua zilizonizidi namba mbili. Filimbi iliyokuwa inaning'inia shingoni mwake hakuigusa. Nilipoitazama alisema, "Hiyo bado." Nikaanza kuitamani filimbi ile kuliko nilivyowahi kutamani simu.

Sasa kuhusu vifaa, sikilizeni vizuri, maana hapa hakuna utani hata mmoja. Kunda, najua umeshaanza kuruka aya. Rudi.

Kamba ni ile ya bluu ya mahema, imeshuka mlimani na shangazi mwenyewe. Inafungwa kwenye mti wa ukingoni na kwenye chuma kilichopigiliwa Meza, sambamba na mawe saba. Kila asubuhi unaivuta kwa uzito wako wote kabla hujamruhusu mtu. Ukianguka wewe, umeokoa mgeni. Fimbo ina misumari mitatu, na inasimama pale penye jiwe la kwanza. Maji yakiwa chini ya msumari wa kwanza, watu wacheze. Yakifika wa pili, watu watoke. Yakifika wa tatu, mawe ya kuvukia hayapo tena, yaani yapo ila yanajuana yenyewe huko chini. Filimbi moja ndefu maana yake tokeni majini. Filimbi fupi tatu maana yake nimehesabu na wote wametoka. Zile tatu hazipigwi kwa kukadiria.

Na kwa nini maji yapande siku isiyo na mvua? Kwa sababu ya mfongo. Juu ya maporomoko kuna banio, na kwenye banio hilo karibu nusu ya mto inageuzwa kuingia kwenye mfongo, ule mfereji waliouchimba babu wa babu zetu, unaozunguka kilimani kumwagilia vihamba vya watu. Mfongo ukiziba au ukibomoka, mtunza mfongo, Mzee Ndelilio, anapuliza pembe. Pembe ya kwanza ni ya msaragambo: kila nyumba itoe mtu na jembe lake. Pembe ya pili ni kwamba anashusha ubao kwenye banio, na maji yote yaliyokuwa yanakwenda vihambani yanarudi mtoni, yaani kwetu. Kutoka pembe ya pili mpaka maji kufika Meza ni muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai ya moto, kwa mtu asiye na haraka. Kawaida haya hufanyika Jumamosi alfajiri, wageni wakiwa bado wamelala, kwa hiyo kwangu ilikuwa kama somo la Jiografia: nililijua, sikulijali.

Jambo la mwisho kuhusu ofisi. Siku ya kwanza ile ile shangazi aliniambia sharti la kamati ya kitongoji. "Mgeni mmoja akichukuliwa na maji, Bustani inafungwa. Hapa patapandwa majani ya ng'ombe." Nilidhani ananitisha. Halafu nikawaona wanakamati wawili walipokuja kukagua. Walikuwa wanaziangalia nyasi zetu kwa jicho la ng'ombe kabisa.

Mwaka wa kwanza niliumaliza nikiwa mtu wa kamba. Nilijifunza kwamba wanaume huomba mkono wakiwa jiwe la nne, wanawake jiwe la kwanza, na watoto hawaombi, wanakuvuta tu. Kesi ngumu kuliko zote ilikuwa ya bwana harusi mwenye viatu vyeupe, aliyetaka kumbeba bibi harusi wake mpaka Meza kwa ajili ya picha. Nilimwambia avue viatu. Akaniambia hivyo viatu havitelezi. Kufika jiwe la nne akaganda, macho mbele, kama mtu aliyekumbuka kitu alichoacha nyumbani. Bibi harusi alikuwa binti wa Kibosho aliyekua akibeba majani kichwani. Aliteremka mgongoni, akakunja gauni, akamgeuza mumewe, akambeba yeye. Mpiga picha akapiga zote. Nasikia ile picha imetundikwa sebuleni kwa wazazi wa bibi harusi, si kwa wa bwana harusi.

Mnajua Desemba ilivyo. Ukoo wote unarudi. Magari yenye namba za Dar yanajipanga mpaka kwenye kahawa ya watu, shemeji wanakuja na majiko ya mkaa, kila mtu anataka kuonyesha watoto mto aliokuwa akioga utotoni. Mimi mwezi huo sikuwa nalala vizuri kwa furaha. Nilikuwa naamka nakimbia kushuka, buti zikinipiga kofi kwenye mashavu ya miguu, nijue leo watakuja akina nani.

Tatizo ni kwamba walikuwa hawaondoki. Mwisho ni saa kumi na moja, na shangazi anapuliza filimbi yake, na watu wanamwitikia kwa mkono kama wanamuaga mtu wa kwenye basi. Desemba ya kidato cha pili kulikuwa na kundi moja la vijana wenye spika kubwa kuliko mbuzi. Shangazi alipuliza mara tatu. Wakaongeza sauti.

Nyuma ya banda kulikuwa na kipande cha bomba la plastiki, nene kama mkono wa mtu mzima, kilichobaki kwenye ukarabati wa choo. Nilikuwa nimeshagundua kwamba ukikiweka mdomoni na kubana midomo vizuri, kinatoa sauti ambayo ng'ombe wa jirani walikuwa wanaijibu. Shangazi alikuwa amepanda juu kufunga njia. Nikaingia kwenye migomba, nikapuliza. Halafu nikatoka nikikimbia na uso wa msiba.

"Jamani, pembe ya mfongo! Maji yanafunguliwa, kila mtu atoke!"

Sijawahi kuona spika inabebwa kwa heshima namna ile. Waliacha ndala nne, hakuna hata mbili zilizolingana. Mimi nilirudi kwenye migomba nikacheka mpaka nikakaa chini.

Shangazi aliposhuka akauliza, "Wamekubali kuondoka?"

"Wamekubali, shangazi."

"Vizuri. Umejifunza kuongea na watu."

Basi nikaendelea kuongea na watu. Nililipuliza bomba lile kila Bustani ilipochelewa kufungwa na shangazi akawa mbali, likizo zile zote mpaka Desemba ya kidato cha tatu. Nilikuwa na mtindo kabisa: bomba, mbio, uso, maneno. Hata siku mgeni mmoja aliporekodi, sikuona kosa. Alikuwa amekaa ukingoni akirekodi kima, na kwenye video, nyuma ya kima, nikaonekana mimi nimevimba mashavu. Ndani ya siku mbili video ilikuwa imezunguka kwenye simu za watu mpaka Himo. Nilianza kuitwa "dada wa bomba" na watu nisiowajua. Shangazi hana simu ya namna hiyo, ashukuriwe Mungu. Mimi, niseme ukweli, nilijiona staa.

Siku mbili baada ya Krismasi ikaja kwaya ya vijana kutoka Moshi mjini. Vijana ishirini na nane wenye fulana za kufanana, na mwalimu wao, Mwalimu Godlisten, mwembamba kama mpini, mwenye sauti ya fahali. Walikuwa wameagiza machalari kwa simu tangu juzi yake. Ndewe, wewe ndiye uliyesimamia sufuria, kwa hiyo hii sehemu unaijua, lakini Kunda alikuwa kwa bibi na tangu hapo anahadithiwa uongo.

Hawajashusha hata mikoba, wakaanza: "Dada wa bomba yuko wapi?"

"Ndiye mimi," nikasema, kwa majivuno ambayo leo yananiuma.

"Tupigie basi."

"Mpaka saa kumi na moja. Kila kitu na wakati wake."

Wakapanda Meza wote, na mwalimu wao, na kreti la soda, wakaanza kufundishana wimbo na kurushiana maji. Ilikuwa raha tupu. Saa sita hivi, jua liko juu ya kichwa, pembe ikalia.

Si bomba. Pembe ya kweli ina mkwaruzo mwishoni, kama mzee anayesafisha koo. Shangazi alisimama wima. Mtu akapita mbio njia ya juu na jembe begani, akitupazia sauti: "Mfongo umepasuka! Maji yanaingia jikoni kwa watu!"

Nyumba yetu siku hiyo haikuwa na mtu mzima mwingine. Wote walikuwa kwenye kipaimara. Na pembe ikilia, nyumba inatoa mtu, haiulizi goti lina hali gani. Shangazi akachukua jembe. Halafu akavua filimbi shingoni, akanivisha mimi.

"Watoe kwenye jiwe sasa hivi. Usingoje ya pili."

"Ndiyo, shangazi."

"Manka. Hesabu."

Akaondoka akichechemea. Niliingoja filimbi ile miaka miwili kamili, na furaha yake ilidumu hatua kama kumi na tano, kutoka bandani mpaka ukingoni. Hapo nikapuliza moja ndefu, nzuri, ya kitaalamu.

Kwaya nzima ikapiga makofi.

"Jamani, tokeni," nikasema. "Mfongo unafungwa, maji yanarudi huku."

"Tunajua," akajibu msichana mmoja wa sauti ya kwanza. "Tumeiona kwenye simu."

"Ile ilikuwa utani. Hii ya leo ni kweli."

"Kwenye simu nako ulisema hivyo hivyo."

Na kweli nilisema hivyo hivyo. Nilikuwa nimeyatumia maneno yote, sikujibakizia hata moja.

"Mwalimu," nikamgeukia mkubwa wao, "naomba uwaambie. Shangazi yangu mwenyewe ameniachia filimbi."

Mwalimu Godlisten alijifuta macho kwa kucheka. "Manka, binti yangu, una kipaji. Ukimaliza shule njoo kwetu tukufanyie igizo la Pasaka."

Pembe ya pili ikalia. Ile yenye mkwaruzo mwishoni. Wao wakageuka wote kuangalia migombani.

"Leo wako wawili," akasema besi mmoja. "Wameajiri."

Sasa nilikuwa na muda wa kile kikombe kimoja cha chai. Niliangalia fimbo. Maji bado chini ya msumari wa kwanza, yametulia, yamejaa jua, mazuri kabisa. Niliwaza kulia, nikajua watarekodi. Niliwaza kuvuka niwavute mmoja mmoja, lakini ni ishirini na tisa, na mimi naogelea nikiwa nimeshika kitu. Nikaliona korongo kule chini na wale wanakamati wawili na jicho lao la ng'ombe. Nikaangalia fimbo tena. Msumari wa kwanza haukuwepo.

Ndipo upepo ukageuka, ukaleta harufu ya machalari, ya ndizi na nyama na kitunguu, na mtu juu ya Meza akameza mate mpaka nikaona koo lake likipanda na kushuka.

Niliwapa mgongo. Nikapaza sauti kuelekea jikoni, kwa hasira ya mtu aliyechoka na kazi.

"Ndewe! Hawa wamesema hawali. Wapakulie wale wa Kwa Sadala!"

Wadogo zangu, hakukuwa na mgeni yeyote kutoka Kwa Sadala. Ndewe alikuwa hajawahi kuwasikia. Naandika hapa ili ibaki kwenye kumbukumbu: Ndewe aliinua upawa, akafikiri kwa muda wa kufumba jicho, akanijibu, "Na nyama yote?"

"Na nyama yote."

Besi ndiyo iliyovuka kwanza. Sikuwa najua watu wa sauti nzito wanaweza kuwa wepesi hivyo. Wakafuata wale wa sauti ya tatu, wakilalamika kwamba chakula kililipwa tangu juzi, hao wa Kwa Sadala ni akina nani. Nilisimama penye jiwe la kwanza, mkono mmoja kwenye kamba, nikihesabu kwa sauti ya chini, na kila aliyepita nilimgusa bega ili nisidanganyike. Kumi na moja. Kumi na sita. Ishirini na mbili, mawe yakaanza kung'aa maji juu. Ishirini na tano, msumari wa pili ukamezwa. Wasichana wa sauti ya kwanza walikuwa wa mwisho kwa sababu ya ndala. Ishirini na nane.

Juu ya Meza akabaki mwalimu, ameinama, akiokota daftari la nyimbo. Aliponyooka hakuwa anacheka tena.

"Manka. Jiwe la nne liko wapi?"

"Lipo, mwalimu. Liko chini. Shika kamba kwa mikono miwili."

"Na daftari?"

"Liache."

"Nyimbo zote zimo humu."

"Basi liweke mdomoni, mwalimu, lakini mikono iwe kwenye kamba. Usiinue mguu. Uburute."

Akaja. Jiwe la saba, la sita, la tano, maji magotini, halafu mapajani, yanavuta suruali yake kuelekea korongoni kama yana madai naye. Kamba ililia. Besi wanne walikuja wenyewe nyuma yangu, bila kuambiwa, wakaishika. Penye jiwe la nne mguu wake ukatoka, akaning'inia upande, kiatu kikaenda. Sisi tukavuta. Hatukuvuta kitaalamu, tulivuta tu. Alifika ukingoni kwa magoti, daftari likiwa katikati ya meno.

Nikamgusa bega. Ishirini na tisa. Nikapuliza fupi tatu, ingawa hapakuwa na mtu wa kunisikia. Kisha tukasimama wote tukaangalia Meza ikizama. Haikupiga kelele. Maji yalipanda juu yake kama mtu anayetandika kitanda, yakalinyanyua kreti la soda taratibu, yakaligeuza mara moja, yakalipeleka korongoni. Tulisikia chupa.

Halafu Mwalimu Godlisten akatoa daftari mdomoni.

"Hao wa Kwa Sadala wako wapi?"

"Hawapo, mwalimu."

"Na chakula?"

Tukamwangalia Ndewe. Ndewe akafunua sufuria, akachoma ndizi kwa kisu.

"Bado mbichi," akasema.

Mwalimu aliketi kwenye nyasi, akaangalia mguu wake usio na kiatu, akaanza kucheka, na kwaya nzima ikamfuata. Wengine walikuwa wanacheka huku wanalia. Mimi nilikuwa kati ya hao wengine.

Shangazi alirudi saa tisa, matope mpaka kiunoni. Aliona maji, akaona Meza haipo, na nilimwona anavyowahesabu kwa macho, mmoja mmoja, kabla hajavuta pumzi. Mwalimu akamsimulia, na kwa sababu ni mtu mwaminifu akasimulia na habari ya video. Shangazi hakunigombeza. Aliuliza tu, "Hilo bomba liko wapi?"

Nikalileta.

"Libebe. Twende."

Tukapanda mpaka kwenye banio. Watu kama arobaini walikuwa bado wanajaza mawe na udongo pale palipopasuka. Shangazi akawaambia Manka ana neno. Nikasema yote, bomba begani, nikitazama vidole vyangu vya miguu. Nilipomaliza Mzee Ndelilio akasogea.

"Kwa hiyo ni wewe. Mara mbili nimepanda huku jioni mbio, nikidhani mtu ameniibia pembe."

"Ni mimi, babu. Nisamehe."

"Pembe haichezewi. Ungekuwa mtu mzima ungeleta mbege ya kunywesha watu wote hawa." Akanishika mikono, akaigeuza kama anayenunua ndizi. "Mwanafunzi. Haya. Jumamosi nne za mawe."

Nilidhani yameisha. Ndipo shangazi akaegemea jembe lake, kama alivyoegemea fagio siku ile ya kwanza, akamgeukia mzee.

"Na wewe, meku, unashushaje ubao kabla hujajua chini kuna nani?"

Watu wakaacha kupiga majembe.

"Tangu babu zetu," akasema mzee, "pembe ya pili ikilia, ubao unashuka."

"Babu zetu hawakuwa na kwaya juu ya Meza."

Mzee Ndelilio aligeuka akaangalia chini bondeni. Halafu akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, filimbi yetu inasikika mpaka hapa juu? Wakamtuma mtu ashuke akajaribu. Inasikika. Kanuni ikawekwa pale pale, matope yakiwa miguuni: pembe ya pili, kisha kungoja fupi tatu kutoka mtoni, kisha ubao. Ndiyo urithi pekee ninaowaachia, na niliununua kwa aibu, kwa hiyo muutunze. Bomba langu lilizikwa siku hiyo hiyo pale palipopasuka, kupitisha maji chini ya njia. Mpaka leo linafanya kazi. Ni mtumishi aliyenizidi nidhamu.

Jioni nilimrudishia shangazi filimbi. Akaitazama.

"Ina mate yako," akasema, akaendelea kufagia.

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Ushauri mwingine nimeuandika pembeni pembeni mwa kurasa, mtauona: kima wanaogopa mwavuli ukifunguliwa ghafla, anayesema anajua kuogelea mwulize kiasi gani, na Kunda, najua unaigiza sauti ya shangazi vizuri kumshinda mwenyewe. Usiigize mtoni. Igiza nyumbani, na mimi niwepo.

Jumamosi iliyopita ilikuwa msaragambo, na mimi nilimwachia Ndewe filimbi, nikaenda juu kama mwananchi wa kawaida, na jembe. Mifereji midogo ilikuwa imejaa majani, kwa hiyo ilibidi banio lifungwe. Mzee Ndelilio amebakiwa na meno machache, na pembe inataka meno. Alipuliza ya kwanza, ikatoka upepo zaidi ya sauti. Akanitafuta kwa macho.

"Wewe wa bomba. Mapafu unayo. Njoo."

Watu wakacheka. Pembe ni nzito kuliko nilivyodhani, na mdomo wake ni laini kwa sababu ya midomo ya watu waliotangulia. Nikapuliza ya pili. Iliondoka ikapita juu ya migomba, ikashuka bondeni, na mwishoni, wallahi sikuigiza, ikatoa ule mkwaruzo.

Nikashika ubao, sikuushusha. Chini kulikuwa na shule moja ya msingi, watoto wengi, nilikuwa nimewaona wakishuka asubuhi na ndala mikononi. Tukangoja. Mtu mmoja akakohoa. Nilikuwa najua kila jiwe huko chini na sikuweza kumgusa mtu yeyote bega.

Halafu ikaja, ndogo, kutoka mbali, filimbi ya Ndewe. Moja. Mbili. Tatu.

Nikasukuma ubao.